Kampuni iliyojenga mfumo wa ushirika wetu Rungwe itwambie ufunguo wa data za wakulima ameushika nani

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Chama kimoja cha msingi cha ushirika hapa Rungwe, chenye wakulima wa parachichi na kahawa, kiliipa kazi kampuni moja, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sasa, ijenge mfumo wa kutunza taarifa za wanachama: namba za NIDA, picha za vitambulisho, namba za simu na akaunti za benki. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, viongozi waliniomba niupitie msimbo waliokabidhiwa wa Terraform, yaani programu inayojenga seva na hifadhi za mtandaoni kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa. Nilichokikuta hakifai kukabidhiwa kwa mteja yeyote, sembuse kwa watu wanaogharamia kazi hiyo kwa makato ya mazao yao.

Ripoti ya makabidhiano inajivunia kwamba nyaraka zote zimesimbwa, yaani zimefichwa zisisomeke bila ufunguo, kwa njia iitwayo AES-256. Ni kweli zimesimbwa, ila kazi hiyo hawakuifanya wao. Tangu Januari 2023, Amazon S3, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Amazon zinamotunzwa nyaraka hizo, husimba yenyewe kila faili jipya linalopakiwa, bila malipo na bila mteja kuandika mstari hata mmoja. Katika usimbaji huo ufunguo unasimamiwa na Amazon, na yeyote mwenye ruhusa ya kusoma baketi (sehemu ya hifadhi yenye mafaili hayo) hupewa faili likiwa limeshasimbuliwa. Unasaidia endapo diski itaibwa kwenye kituo cha data, lakini haumzuii mfanyakazi aliyeondoka huku akaunti yake ikiachwa wazi. Chama kilipaswa kuwa na ufunguo wake ndani ya KMS, huduma ya Amazon ya kutunza funguo, ili msomaji alazimike kuwa na ruhusa ya baketi na ruhusa ya ufunguo pia, na kila ufunguo unapotumika tukio hilo liandikwe kwenye CloudTrail, daftari la Amazon la kumbukumbu za matukio. Ufunguo wa aina hiyo hutozwa dola 1 kwa mwezi, pamoja na gharama ndogo ya maombi. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba bajeti haikutosha.

Tulipolalamika, wakaingia kwenye konsoli, yaani ukurasa wa kusimamia akaunti ya Amazon, wakatengeneza ufunguo na kubadilisha mpangilio kwa mkono, kisha wakatuandikia kwamba tatizo limekwisha. Halijakwisha. Msimbo bado umeandikwa mpangilio wa zamani, kwa hiyo siku mtu atakapotekeleza "terraform apply" bila kusoma mpango kwa makini, Terraform itaurudisha ule wa zamani. Isitoshe, kubadilisha usimbaji wa baketi hakugusi mafaili yaliyokuwamo tayari. Picha za vitambulisho zilizopakiwa kabla ya mabadiliko hayo zimebaki chini ya usimbaji uleule, na zitaendelea kubaki hivyo mpaka zisimbwe upya kwa kutumia ufunguo mpya. Huo ndio mzigo mkubwa wa data, na ndio waliotuambia kuwa umeshughulikiwa.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni faili la hali, yaani lile ambalo Terraform hulitumia kukumbuka ilichokijenga. Ndani yake nenosiri la hifadhidata limeandikwa wazi, neno kwa neno, na faili hilo limewekwa kwenye Git, ghala la msimbo linalotunza kila toleo, pamoja na msimbo, mahali ambapo hata wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaingia. Fundi wao alijitetea kwamba kigezo chenye nenosiri hilo kimewekewa alama ya siri. Alama hiyo huficha thamani kwenye skrini tu. Ndani ya faili la hali thamani hubaki ilivyo. Baadaye wakalifuta na kutuaga kwa amani, kana kwamba Git haitunzi historia. Nenosiri hilo lilipaswa kubadilishwa siku ileile, na faili la hali lihamishiwe kwenye baketi yake yenyewe, iliyosimbwa kwa KMS na kufunguliwa kwa watu wachache. Wanaotumia OpenTofu, programu huria iliyotokana na Terraform, wanaweza hata kulisimba faili lenyewe, tangu toleo la 1.7 la mwaka 2024.

Kuhusu ufunguo huo mpya, nimeona wamepanga kwamba mtu akiagiza ufutwe, usubiri siku 7 tu, muda ambao ndio mfupi kabisa unaoruhusiwa, wakati ungeweza kuwa siku 30. Muda huo ukipita bila mtu kusitisha ufutaji, kila kilichosimbwa kwa ufunguo huo hakitasomeka tena na yeyote, Amazon ikiwamo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya na anayechakata taarifa za watu azilinde. Wakulima wa Tukuyu wanahusika sawa na wateja wa benki za Dar es Salaam.

Tunachodai ni hiki: ufunguo uandikwe ndani ya msimbo ukiwa na sera inayomtenganisha anayeusimamia na anayeutumia, mzunguko wake wa kila mwaka, yaani kubadilishwa kwake, uwashwe, muda wa kusubiri kufutwa uwe siku 30, mafaili ya zamani yasimbwe upya, na nenosiri libadilishwe leo. Mpaka hayo yafanyike, nimewashauri viongozi wasilipe awamu ya mwisho. Wenzangu wa Njombe, Mbozi na Iringa ambao vyama vyenu vimekabidhiwa mifumo ya aina hii, fungueni faili la hali mtafute neno "password", kisha mlete hapa mtakachokikuta, bila kuweka nenosiri lenyewe.