Wanakariri bila kosa, lakini maana hawaioni. Nifanyeje?

mwalimu_mgeni
Shikamooni walimu wa siku nyingi, na wenzangu habari zenu. Mwaka huu nimehamia shule ya Kikristo ya klasiki, inayofuata mtaala wa kale wa sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kusema kwa ushawishi), nikitokea shule za kawaida. Nafundisha Kilatini watoto wa miaka 9, na mantiki wale wa miaka 13.

Wadogo wanaimba *amo, amas, amat* (napenda, unapenda, anapenda) mpaka wakati wa mapumziko. Miisho ya nomino wanaitaja bila kusita. Juzi nikaandika ubaoni *Puellam agricola amat* (mkulima anampenda msichana), nikauliza nani anampenda nani. Karibu darasa zima likajibu kwamba msichana anampenda mkulima. Walifuata mpangilio wa maneno tu. Ile *m* ya *puellam*, inayoonyesha anayependwa, hakuna aliyeijali.

Wakubwa nimewafundisha hoja potofu, yaani makosa ya kufikiri yanayoharibu hoja, na sasa wamezigeuza fimbo. Mtu hajamaliza sentensi ameshaambiwa "ad hominem hiyo!" (yaani unamshambulia mtu badala ya hoja yake). Binti mmoja alitoka darasani analia, na aliyemliza alikuwa na uhakika kwamba ameshinda mdahalo.

Je, nipunguze kukariri? Na hawa wabishi niwatulize vipi bila kuua hamu yao ya kuhoji?

mzee_wa_balagha
Marahaba mwalimu, na karibu sana kwenye kazi hii.

Usipunguze kukariri. Umri huo mtoto anafurahia kurudia maneno, na mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alilitetea jambo hilo katika hotuba yake ya mwaka 1947 kule Oxford. Shida ni kwamba watu wengi waliichukua hotuba ile wakazigawa sarufi, mantiki na balagha kwa umri wa mtoto, kana kwamba mtoto wa miaka 9 haruhusiwi kuuliza "kwa nini". Mimi naamini zote tatu zinatakiwa ziwemo katika kila kipindi, hata cha wadogo kabisa: apokee kitu, akihoji, kisha akitoe kwa kinywa chake mwenyewe. Watoto wako wameishia kwenye kupokea.

Jaribu hivi. Andika *puella*, *agricola* na *amat* kwenye kadi tatu kubwa, kisha kadi ndogo ya nne yenye herufi *m* peke yake. Watoto watatu wasimame mbele na kadi kubwa, wa nne ashike *m* na kujibandika kwa *puella*. Waulize: nani anapendwa? Sasa wahamishe wale watatu, wa kulia aende kushoto, wa kati aende mwisho, lakini *m* asibanduke kwa *puella*. Maana imebadilika? Waache wabishane, usiwaokoe. Halafu mwambie mwenye *m* avuke polepole aende kwa *agricola*. Hapo utasikia darasa likipiga kelele, maana aliyekuwa anapenda sasa ndiye anayependwa, na hakuna neno lililohama. Baada ya hapo zile nyimbo za miisho wataziimba wakijua kazi yake.

Kipindi kikikaribia kuisha, funga kitabu, mtoto mmoja asimame aeleze somo lote. Usimkatize, hata akikosea. Wenzake watasahihisha akimaliza. John Milton Gregory, aliyeandika kanuni saba za ufundishaji katika karne ya 19, alisisitiza kwamba mwanafunzi hajajifunza mpaka ameijenga kweli ile upya katika akili yake mwenyewe. Hiyo kanuni nimeiona ikifanya kazi kwa watoto wepesi na wazito.

Kuhusu wabishi wako: weka sheria moja, nawe uifuate. Hakuna ruhusa ya kutaja jina la kosa lolote la hoja mpaka kwanza umeieleza hoja ya mwenzako, naye akiri, "Ndiyo, hicho ndicho nilichomaanisha." Waoneshe Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Katika kitabu chake *Summa* kila swali linaanza na pingamizi dhidi ya msimamo wake mwenyewe, ndipo anajibu, kisha anarudi kulijibu kila pingamizi. Wape ukurasa mmoja waandike kwa muundo huo, na alama nyingi ziende kwenye ubora wa pingamizi.

Na waambie waziwazi kwamba kuipotosha hoja ya mwenzako ili uishinde ni kumshuhudia jirani uongo. Kutoka 20, penye Amri Kumi, imo pia ndani ya somo la mantiki. Yule kijana anahitaji kulisikia hilo kabla hajajifunza hoja potofu nyingine hata moja, na ikibidi aende akamwombe radhi binti yule.

dada_jiometri
Nakubaliana na mzee kwa mengi, ila hilo la mtoto mmoja kusimama lina kasoro darasa likiwa kubwa. Wengine wanasinzia. Mimi nawaweka wawiliwawili, mmoja anasimulia na mwenzake anasikiliza, kisha namwita yule *aliyesikiliza* ndiye aeleze. Hakuna anayejificha.

Mwalimu mgeni, kama wakubwa wanasoma Euklidi, yule Mgiriki wa kale aliyeandika kitabu cha jiometri, ungana na mwalimu wao. Pendekezo la kwanza kabisa, la kuchora pembetatu yenye pande sawa kwa duara mbili, linawatuliza wabishi kuliko mahubiri. Mtoto yuko ubaoni bila kitabu, na kila hatua darasa linauliza "umejuaje?" Lazima ataje ufafanuzi au kanuni iliyompa haki ya kusema hivyo. Kelele hazimsaidii hapo.

mwalimu_mgeni
Asanteni sana, nimenakili yote. Kadi natengeneza leo. Swali moja tu: mkuu wangu anapima kazi kwa kurasa tulizomaliza. Haya mambo yatanichelewesha, nimwambie nini?

mzee_wa_balagha
Yatakuchelewesha kweli mwanzoni, usimfiche. Usiende kwake na nadharia. Mwombe kwa heshima aje dakika za mwisho za kipindi, achague yeye mwenyewe mtoto wa kusimulia, na aandike ubaoni sentensi ya Kilatini ambayo hawajawahi kuiona, yenye maneno wanayoyajua. Ila kabla hujamwalika, zoezi la kadi lirudie kwa nomino nyingine pia, wasije wakadhani *m* ni ya *puella* na *agricola* tu.