Glaida nyepesi iliyotumika: ninunue au niache?

Mrukaji_Tabata: Wakuu, nimerusha glaida (ndege zisizo na injini) miaka mingi nikiwa Ujerumani, zote za klabu, za kuvutwa kwa winchi ili zipae. Sasa nimerudi Dar na nimeipata SparrowHawk iliyotumika, ipo Marekani. Mabawa mita 11, tupu kama kilo 70, kaboni. Muuzaji katuma picha: rangi ina nyufa nyembamba kama nywele karibu na shina la bawa. Anadai ni za juu juu tu. Nichukue?

Fundi wa Kaboni: Mkuu, shina la bawa halikaguliwi kwa picha. Lipa fundi wa hukohuko aligonge kwa sarafu. Palipo pazima panalia kwa ukali, tabaka zikiachana sauti inakuwa butu. Akague na matundu ya pini za bawa. Yakicheza, achana nayo, hata ishushwe bei vipi.

Mama Rubani: Kaka, kwao Marekani ndege isiyo na injini yenye uzito chini ya pauni 155 (kama kilo 70) haisajiliwi. Usidhani msamaha huo unapanda meli pamoja na kontena! Anzia TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, kabla hujatuma hata senti. Halafu utaivuta na nini? Na mchana upepo wa bahari ukiingia, hewa ya kukupandisha inakufa. Dodoma afadhali.

Mrukaji_Tabata: Asante dada. Dodoma nimeiwaza, ila kuvuta trela hadi huko na foleni ya Kibaha, mmh. Fundi nishamwandikia muuzaji amtafute.

Fundi wa Kaboni: Mtafute mwenyewe, mkuu. Wa muuzaji atasikia anachotaka muuzaji.