Laravel, Django au JavaScript pande zote: njia ipi kwa mfumo wa wakulima wenye vitochi?

KatibuNjombe

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kabla sijaanza, maana bando na muda vyote kwangu ni vya kupima.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi huku Njombe. Msimu ukifika, mkulima analeta kreti zake kituoni, tunapima, naandika kwenye kaunta buku, anaondoka na karatasi yake. Siku ya malipo ndipo shida inapoanza: huyu karatasi imelowa, yule anasema kilo zilizoandikwa si zake. Msimu uliopita nilikesha siku tatu nikirudia hesabu za watu wasiofika mia moja. Nimeamua kujifunza kutengeneza mfumo mwenyewe, kuanzia ukurasa unaoonekana hadi seva inayotunza kumbukumbu.

Nina laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, bando la wiki, jioni mbili na Jumapili mchana. HTML na CSS najua kidogo. Nimebaki na njia tatu: PHP kisha Laravel, Python kisha Django, au JavaScript pande zote, yaani Node nyuma na React mbele. (Laravel, Django na React ni viunzi vya kurahisisha kazi juu ya lugha hizo; Node huendesha JavaScript kwenye seva.) Kila mtu anasifia yake. Ningekuwa natafuta ajira ningeuliza swali lingine, lakini mimi nataka mfumo utumike msimu ujao, na wakulima wetu wengi wana vitochi, yaani simu ndogo za vitufe. Nichukue ipi?

Fundi_wa_Kariakoo

Katibu, karibu. Mimi nasema PHP, na sababu zangu zinaanzia mfukoni.

Ukinunua hosti (nafasi ya kuweka mfumo mtandaoni) ya bei ya chini kabisa, iwe ya hapa nyumbani au ya nje, kwa kawaida itakuja na cPanel, yaani paneli ya kuiendesha, na PHP na hifadhidata ya MySQL vitakuwa vimeshawekwa. Unapandisha mafaili, mfumo unawaka. Njia nyingine mara nyingi zitakudai seva unayoisimamia mwenyewe: kuifunga milango, kuisasisha, kuamka usiku ikizima. Kwa mtu mwenye jioni mbili kwa wiki huo ni mzigo.

Pili, unaweza kujifunza bila mtandao. Pakua XAMPP mara moja, basi una seva na hifadhidata ndani ya laptopu yako. Nami nakushauri usikimbilie Laravel. Mwezi wa kwanza andika PHP tupu: fomu moja ya kuingiza kilo, jedwali moja, ukurasa mmoja wa kuonyesha. Utaelewa ombi linatokaje kwenye kivinjari, linafikaje kwenye seva, na kinarudi nini. Ukishaelewa hapo, Laravel itakupunguzia kazi badala ya kukuficha mambo.

Tatu, ukurasa unaopikwa kwenye seva unafika ukiwa tayari. Mwenye simu ya RAM GB 1 anausoma, na hata anayetumia Opera Mini katika hali yake ya kubana sana, ambapo JavaScript haifanyi kazi ipasavyo, bado anaona kilo zake.

Ziwani254

Mimi niko Kisumu, nafanya kazi na JavaScript kila siku. Naheshimu aliyetangulia, lakini hakuna aliyeuliza swali ambalo ningeanza nalo: hapo kituoni mnapopimia mtandao upo?

Kama haupo, fomu ya PHP itakuangusha kreti zikiwa kwenye mizani. Unabonyeza kuhifadhi, ukurasa unazunguka, foleni inakua. Kivinjari cha simu janja kinaweza kutunza kumbukumbu ndani yake, kwenye IndexedDB, na skripti iitwayo service worker inaufungua ukurasa hata pasipo mtandao. Unapima siku nzima, jioni ukifika penye mnara data inapanda. Hilo linafanywa kwa JavaScript tu, hata kama nyuma una PHP au Python. Kwa hiyo JavaScript utaisoma, upende usipende, basi kwa nini usibaki na lugha moja?

Nikuonye mambo mawili niliyoyajua kwa maumivu. Kwanza, kila kipimo kipewe namba yake ya kipekee pale pale kwenye simu, kabla hakijatumwa. Mtandao ukikatika katikati simu itatuma tena, na seva ikiiona ile namba kwa mara ya pili inajua ni kipimo kile kile. Pili, usitegemee kivinjari kitume chenyewe wakati umekifunga. Chrome ina uwezo huo, lakini baadhi ya vivinjari vingine havina. Weka kitufe kikubwa kinachosema "Tuma vipimo 43" na uoneshe vimebaki vingapi.

Fundi_wa_Kariakoo

@Ziwani254 hoja ya kituo nimeikubali, niliirukia. Ila React kwa bando la wiki? Mradi mmoja mtupu niliouanzisha ulijaza zaidi ya MB 200 kwenye diski kabla sijaandika mstari wangu wa kwanza. Na ukurasa unaofika kwa mtumiaji hubeba React na React DOM, ambazo hupita KB 40 hata zikibanwa, kisha simu ndogo ianze kuzifungua na kuzitekeleza. Hiyo fomu ya nje ya mtandao inaandikika kwa JavaScript ya kawaida, mistari mia mbili hivi.

Ziwani254

Kwa ukurasa mmoja, sawa. Sitabisha. Kwa fomu moja ya mizani hata mimi nisingeweka React.

MwalimuPython

Nafundisha vijana jioni, na kwa kisa hiki naona Django inatangulia. Nieleze.

Shida ya Katibu imekaa kwenye kumbukumbu. Ukurasa mzuri utakuja baadaye. Django ilizaliwa ndani ya gazeti moja la Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na tangu mwanzo ilibeba eneo la msimamizi ili waandishi waingize habari bila kumsubiri mtaalamu. Eneo hilo bado lipo. Unaeleza mkulima ni nani na kipimo ni nini kwa mistari ishirini au thelathini ya Python, unatoa amri chache, na tayari una fomu za kuingiza, kutafuta, kusahihisha, pamoja na historia ya nani alibadilisha nini. Kwa mtu anayedaiwa majibu na wakulima, historia hiyo ina uzito. Kwa PHP tupu kazi hiyo ingekula mwezi mzima.

Kuhusu bando: Django yenyewe ni kama MB 8 kupakua, inaanza na SQLite ambayo ni faili moja tu, na nyaraka zake rasmi zinapakuliwa zote ukazisoma umeme ukiwa umekatika na betri ingalipo. Laptopu ya GB 4 inatosha kabisa.

Udhaifu wake ni pale aliposema Fundi: hosti za bei ya chini si zote zinaipokea Python. Uliza kabla ya kulipa. Nyingine zina sehemu ya Python ndani ya cPanel hiyo hiyo.

Na jambo dogo linalowapoteza wengi: mradi mpya wa Django unahesabu saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Usipobadilisha kuwa Africa/Dar_es_Salaam, kipimo cha saa kumi jioni kitasomeka saa saba mchana, na mkulima atakwambia hakuwepo kituoni saa hiyo. Atakuwa sahihi.

KatibuNjombe

Asanteni sana wote. @Ziwani254 mtandao kituoni upo kwa kubahatisha, mvua ikinyesha unapotea. Ila jambo linaloniumiza ni hili: mkulima mwenye kitochi haoni ukurasa wowote, uwe wa PHP au wa Django. Yeye atajuaje kilo zake zimeingia?

MenyuNaNyota

Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri mfike. Nimefanya USSD miaka kadhaa, nitaeleza jinsi inavyokwenda.

Mkulima akibonyeza namba yenye nyota na reli, kama anavyobonyeza *150*00# kufungua M-Pesa, mtandao wa simu unaipigia seva yako. Kwa kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi, inayounganisha seva na mitandao ya simu, seva inapokea namba ya simu, kitambulisho cha sesheni, na maandishi yote aliyokwisha kuchagua. Wewe unarudisha maandishi matupu yanayoanza na CON kama menyu inaendelea, au END kama umemaliza. Basi. Hakuna HTML, hakuna picha. PHP inaweza, Python inaweza, Node inaweza. Wana uwanja wa majaribio wa bure, unaigiza simu ndani ya kivinjari.

Mipaka yake uijue mapema. Skrini moja inabeba herufi 182, na sesheni hufungwa mtumiaji akichelewa, kwa hiyo menyu ya hatua tano ni ndefu mno. Tena kupata namba yako kunadai gharama na vibali, na kila nchi ina taratibu zake. Kwa kikundi cha watu chini ya mia, nisingeanza huko.

Anza na SMS. Kreti zikishapimwa, mfumo umtumie mkulima: "Kilo 140 zimepokelewa 12/3. Jumla ya msimu kilo 610." Karatasi ikilowa, ujumbe umebaki kwenye simu yake. SMS moja ni herufi 160, na Kiswahili kinatupa nafuu kubwa kwa kuwa hakina herufi za alama. Lakini angalia ile alama ya ng'. Ukinakili "ng'ombe" kutoka programu ya ofisi, alama inakuja ikiwa imepinda, ujumbe mzima unageuzwa mfumo wa herufi, na kikomo kinashuka hadi herufi 70. Utalipia SMS mbili au tatu badala ya moja. Niliwahi kugundua hilo kwenye ankara ya mwisho wa mwezi, baada ya kutuma jumbe elfu kadhaa. Andika ng' kwa alama iliyonyooka, na emoji usiweke kabisa.

Mtaa_wa_Ibanda

Jambo kwenu. Mimi niko Bukavu, ni programa wa duka la jumla. Niongeze juu ya pesa tu.

Huku kwetu mtu mmoja ana akaunti ya dola na akaunti ya faranga kwenye simu ile ile. Mfumo wetu wa kwanza uliandika "5000" bila kusema ni 5000 ya nini. Tulichukua wiki mbili kusafisha. Hata kama leo mnatumia shilingi peke yake, weka safu ya sarafu pembeni ya kiasi. Mnunuzi wa parachichi akija na bei ya dola, utakuwa tayari. Na kiasi kiwe namba nzima au desimali kamili, kamwe usitumie namba zile za nukta inayoelea (float), maana zinapoteza senti kimyakimya.

Tena, nawaombeni, fomu ya kujiandikisha isilazimishe mtaa, namba ya nyumba na sanduku la posta. Jina la kijiji na maelezo mafupi kama "nyuma ya zahanati" humfikisha mtu.

MalipoNaMizania

Nikiendelea hapo kwenye pesa, maana ndipo mifumo mingi inapovunjika. Mwenye kupokea malipo ya simu anatuma ombi, mteja anaingiza namba ya siri, kisha jibu linarudi kwenye seva kupitia anwani uliyoitaja. Jibu hilo huweza kuchelewa, huweza lisije, na huweza kuja mara mbili. Kwenye mfumo mmoja niliotunza, malipo 11 yaliingia maradufu kwa sababu sikuwa nimezuia namba ile ile ya muamala kuandikwa tena. Kufunga tundu lenyewe ilikuwa mstari mmoja kwenye hifadhidata: safu ya namba ya muamala iwe ya kipekee. Kuwapigia simu wateja 11 na kuwaeleza kulichukua siku nzima.

Katibu, kwako nisingeunganisha malipo msimu huu. Lipeni kama mnavyolipa, wewe ingiza namba ya muamala kwa mkono pembeni ya kila mkulima. Mwakani, kumbukumbu zikiwa zimenyooka, utaunganisha. Kwa Tanzania utakutana na mitandao kadhaa, kwa hiyo tafuta mpatanishi anayeiunganisha yote badala ya kuandika msimbo wa kila mmoja.

Mwisho, mafaili yako ya CSS na fonti yaweke kwenye seva yako mwenyewe. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nilikuwa na mifumo miwili iliyohostiwa Dar es Salaam. Uliokuwa na kila kitu ndani ulifunguka. Uliovuta fonti na maktaba kutoka ng'ambo ulikaa mweupe.

KatibuNjombe

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, sikutaka kurudi mikono mitupu.

Nimechukua Django, kwa ajili ya lile eneo la msimamizi. @Fundi_wa_Kariakoo usinielewe vibaya, ushauri wako wa fomu moja na jedwali moja ndio nilioufuata. Saa nimebadilisha siku ya kwanza. Safu ya sarafu ipo. Fomu ya kituoni sijaigusa bado, nitamfuata @Ziwani254 nikifika hapo.

Jumapili iliyopita nimeingiza wakulima 37 kutoka kwenye kaunta buku, na mfumo ukamkataa mmoja. Nilidhani nimekosea kuandika. Kumbe nilikuwa nimeifanya namba ya simu kuwa utambulisho wa mkulima, na huyo anatumia simu moja na mama mkwe wake, ambaye nilikuwa nimeshamwingiza. Nilipouliza kituoni nikaambiwa wapo wengine wanne wasio na simu kabisa, wanapokea taarifa kupitia jirani. Sasa nashindwa: nimtambue mkulima kwa kitu gani?

MwalimuPython

Kwa namba ya uanachama ya kikundi, hata kama ndiyo kwanza unaitunga leo. Mpe kila mtu namba, iandike kwenye kadi. Simu iwe jedwali lake la pembeni: mkulima mmoja anaweza kuwa na simu tatu au asiwe nayo, na simu moja inaweza kupokea taarifa za wakulima wawili. Ila wale wanne waulize kwanza kama wanaridhia jirani asome kilo zao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo lina uzito wa kisheria pia.

MenyuNaNyota

Na kwenye SMS anza na jina. "Mama mkwe" na mkwewe wasije wakasomeana kilo bila kujua ni za nani.