Fanksheni za ndani za hifadhidata: tutaje majina ya parameta au tufuate mpangilio tu?

Fundi_Jedwali: Wakuu, wiki iliyopita nimekesha kwa sababu ya namba moja. Mfumo wa mikopo tunaoutunza ulitakiwa kutoa siku 30 za marejesho, ukawa unatoa siku 210. Mwenzetu aliandika hivi kwenye hifadhidata yetu ya PostgreSQL, kwa fanksheni ya kutengeneza muda: `make_interval(0, 0, 30)`. Parameta, yaani thamani unazoipa fanksheni, zina mpangilio wake: nafasi ya tatu ni wiki, siku ni ya nne! Angeandika `make_interval(days => 30)`, hata mhasibu angeliona kosa. Sasa nataka tuweke utaratibu kazini: kutaja majina, kuweka maelezo pembeni ya kodi, au kutunga fanksheni zetu zinazozifunika za ndani. Nyinyi mnafanyaje?

KodiPwani: Majina, mkuu. Maelezo ya pembeni hayaaminiki, mtu hubadili namba akayasahau. Jina ukilikosea, hifadhidata inagoma hapohapo.

Binti_Seva: Naunga mkono, ila si zote zina majina. Andika `\df strpos` kwenye psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), utaona aina za data tu. Za regexp (kutafuta maandishi kwa ruwaza), kama `regexp_replace`, zimepata majina toleo la 18 la PostgreSQL, mwaka 2025. Sisi tuko la 15, kwa hiyo hapo bado tunahesabu nafasi kwa vidole.

Mzee_wa_Kwiri: Sisi wa MySQL, hifadhidata nyingine, hatuna majina hayo kabisa. `LOCATE` inataka kwanza kile unachotafuta, `INSTR` inataka kwanza maandishi yenyewe, na kazi yao ni moja. `DATEDIFF`, ya kupata tofauti ya tarehe mbili, ndiyo iliyonitesa zaidi: ya MySQL inaanza na tarehe ya mwisho, ya SQL Server inataka kipimo, kisha tarehe ya mwanzo. Nilipohamisha ripoti, madeni yote yakawa na umri hasi. Tangu hapo natunga yangu, `siku_toka_hadi(mwanzo, mwisho)`. Jina la fanksheni lenyewe linakuonyesha mpangilio.

KodiPwani: Wazo zuri mzee, ila kwa wa PostgreSQL, chagueni majina ya parameta kwa makini tangu mwanzo. `CREATE OR REPLACE` haikubali kuyabadilisha, mpaka uifute fanksheni kwanza. Kama kuna vyu (kwiri zilizohifadhiwa kama jedwali) zinazoitegemea, mtatoka jasho.

Fundi_Jedwali: Asanteni sana. `make_interval` zote nimeshazibadilisha leo asubuhi. Je, naweza kuchanganya, nyingine kwa jina na nyingine kwa nafasi?

Binti_Seva: Ndiyo, mradi za nafasi zitangulie.