Semina ya dijitali iko Malindi, mimi niko Pate, boti ishatoka na maji, halafu naandikwa "hakuhudhuria"

Wakuu salaam, leo sina salamu ndefu. Uzi wenyewe utakuwa mrefu, wale wa "fupisha bana" piteni tu.

Mimi nafundisha shule ya msingi huku kisiwa cha Pate, Lamu. Muhula uliopita, Jumatano saa tatu na nusu usiku, niko na rundo la madaftari nasahihisha, kikundi cha walimu cha WhatsApp kikalia. Mafunzo ya walimu ya kufundisha kwa midia ya kidijitali, siku tatu, hotelini Malindi, kuanzia Ijumaa saa mbili asubuhi, thibitisha kwa fomu ya mtandaoni kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Jumatano usiku kwa Ijumaa asubuhi jameni! Aliyeandika huo ujumbe sijui anadhani Pate ni mtaa wa Malindi, unapanda tuktuk unashuka.

Fomu nayo ina vyake. Juu imejazwa nembo za wafadhili, zinafunguka moja moja kama mtu anavua viatu mlangoni, na bando inakwisha. Ikabidi niende kwa jirani nipande darini ndiko mtandao hushika kidogo, saa tano usiku mtu mzima nimeinua simu juu. Ikapita. Nikapata na jibu kabisa, "asante, nafasi yako imehifadhiwa". Kumbukeni hayo maneno.

Alhamisi alfajiri boti ya kwanza ilikuwa ishaondoka na maji. Nahodha wa ya pili akaniambia, "Mwalimu, mai yamekupwa, ngoja," yaani maji yameshuka, boti haiendi. Nikangoja mpaka mchana nimekaa juu ya begi, na ilikuwa msimu wa kusi, ule upepo mkali wa kusini, kwa hivo wanaosafiri wanajua tulivyofika Lamu, nguo zote chumvi tupu. Nikavuka Mokowe, gati ya upande wa bara, jua lishazama, mabasi hakuna, nikalala gesti. Ijumaa nikapanda basi la kwanza, zaidi ya kilomita 200, vizuizi njiani, kushuka kushusha, nikaingia hotelini saa saba mchana wenzangu wanakula pilau.

Dada wa mapokezi akapitisha kalamu kwenye orodha, akasema jina langu lishakatwa, "nafasi tumempa mwingine, mwalimu, hukufika kwa wakati." Nikamuonyesha jibu la fomu. Akaniangalia hivi, akasema naweza kukaa nyuma nisikilize ila chumba hakuna na nauli hairudishwi. Nikalala kwa binti ya shangazi yangu, Mungu amlipe. Kwenda na kurudi nimetumia 4,300 zangu.

Sasa hiyo semina yenyewe. Mkufunzi kijana mzuri tu hana ubaya, lakini siku nzima anasoma maandishi ya ukutani neno kwa neno, eti "mwalimu wa kisasa asisome kitabuni mbele ya wanafunzi". Saa tisa stima ikapotea. Jenereta ikakataa. Basi tukaletewa karatasi kubwa na makapeni, tukafundishwa kuhariri video kwa kuchora simu kwenye karatasi! Nilicheka mpaka mwenzangu akanikanyaga mguu.

Jumamosi ikaja kazi ya nyumbani: kila mwalimu arekodi video ya dakika tatu, aipandishe YouTube, wanafunzi wake waitazame jioni. Nikainua mkono nikauliza, waitazame kwa simu gani? Gredi ya 5 yangu mzazi mwenye simu ya kupangusa ni wa kuhesabu, wengine wote ni kabambe, zile simu ndogo za vitufe, na hiyo kabambe iko baharini na baba. Akajibu eti "hapo ndipo ubunifu wa mwalimu unahitajika." Haya.

Tabuleti za serikali nazo musinianze. Ule mradi wa 2016 uliletea shule za msingi tabuleti za watoto wa darasa la kwanza, laptopu mbili za walimu na projekta. Zetu zilikuja. Ziko kwenye kabati la chuma, kufuli mbili, ufunguo mmoja ameenda nao mwalimu aliyehamishwa. Tulipovunja mwaka juzi betri nyingine zimefura kama maandazi. Projekta ndiyo bado nzima, nayo naipenda kama mtoto wangu, kwa sababu haitaki mtandao. Ingekuwa semina imenifundisha kupakua masomo nikiwa mjini, niyaweke kwenye flashi na kuyapanga nije nayo, ningesahau hata hiyo nauli. Hilo halikutajwa hata kidogo.

Na msione kwamba sisi hatutaki. Mwaka jana mimi na mwalimu mwenzangu tuliwapa watoto simu zetu mbili wakamrekodi fundi mmoja wa majahazi, mzee wa watu, anaeleza sehemu za jahazi huku anagonga. Mkuku huu, mataruma haya, foromali ile. Kuna katoto huwa hakasemi darasani, hako ndiko kalikuwa kanashika simu, kanamwambia mzee "babu rudia, upepo umeingia". Tukawaonyesha darasani kwa projekta, madirisha tumeziba kwa leso. Hiyo si midia ya kidijitali? Cheti hakuna.

Sasa kilichonitoa roho. Wiki mbili baadaye ripoti imekuja, PDF. Mimi na walimu wengine wanne, wote wa visiwani, tumeandikwa "hakuhudhuria". Chini mtu akaongeza kwa raha zake kwamba walimu wa visiwani wana mwamko mdogo wa teknolojia. Mwamko! Mimi ndiye huvuka mpaka Lamu mjini kupandisha alama za tathmini za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6 kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani, kwa bando langu. Mwalimu mkuu naye ananiambia polepole, "mwanangu, haya yakifika kwenye faili lako, ukiitwa intavyuu ya kupandishwa daraja utaulizwa."

Tena ilipotangazwa 2021 ile TPD, mafunzo ya kuendeleza walimu ya TSC, tume inayotuajiri, ada 6,000 kwa mwaka, na chama chetu cha KNUT wakapinga, kuna watu humu walituambia walimu hatupendi kusoma tunapenda kulalamika. Mimi nimelipa nauli ya kwenda kusoma nimekaa nyuma kama mpishi wa harusi. Nataka mtu anieleze ni kitu gani kingine nilipaswa kupenda.

Kutupa ilani ya wiki mbili hakugharimu pesa. Faza, huku huku kisiwani Pate, kuna shule zenye madarasa, semina ifanyike huko japo mara moja, waandaaji ndio wangoje maji.

Walimu wa Kizingitini, Ndau, Kiwayu, Kiunga, kama na nyinyi mmeandikwa hivyo semeni hapa. Na kama kuna aliyewahi kufutiwa hilo neno kwenye orodha aniambie alimuona nani na alibeba karatasi gani, maana tiketi ya basi ninayo, risiti ya gesti ya Mokowe ninayo, na lile jibu la fomu nimelipiga picha.