Hivi nani aliwadanganya kopo la dawa ya pancha ni mbadala wa tairi la spea? Wauza magari mtuheshimu

Wakuu salama? Leo sina salamu ndefu, nina hasira na naomba msinikatishe.

Nijibuni kitu kimoja tu. Ni lini tulikubaliana kwamba mtu anaweza kuuziwa gari Tanzania hii halina tairi la spea na muuzaji akakaa kimya kama hajaona? Unalipia gari, unalipia ushuru ambao unaumiza kuliko gari lenyewe, unalipia bandari, bima, namba, siku unakabidhiwa funguo unafunua kapeti la buti unakuta sponji gumu jeupe limechongwa vishimo viwili, kimoja kina kikompresa cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kingine kina kopo la dawa. Basi, imeisha hiyo. Jeki hamna, wili spana hamna, maana walivyotoa spea wakaona na vyenzake havina kazi tena.

Nilimuuliza yule jamaa wa yadi, akacheka. "Bosi magari ya kisasa hayana spea, hiyo ndo teknolojia." Teknolojia!! Kopo lenyewe limeandikwa Kijapani juu mpaka chini, kitu pekee mtu wa kawaida anaweza kusoma ni mwaka, na mwaka ulikuwa 2019. Ile dawa ina mpira wa maji ndani, latex, na ina tarehe ya mwisho kama dawa ya kikohozi. Sasa hilo kopo limekaa kwenye buti Japani miaka yote, likapanda meli, likafika Dar likaanza kupikwa na jua la yadi, afu mtu ananiambia teknolojia.

Ngoja niseme kwanini spea ziliondolewa ili tusizungushane. Sio kwa faida yako. Ukitoa tairi, rimu, jeki na spana umepunguza kilo 10 na ushee kwenye gari, namba ya matumizi ya mafuta kwenye karatasi inapendeza kidogo, buti linaonekana kubwa, kiwanda kimeokoa hela kwa kila gari, na kwenye haibridi wanapata pa kuweka mambo yao. Na kule kwao inaeleweka kabisa, sheria ya Japani haimlazimishi mtu kubeba spea, barabara zao mnazijua, na ukipata pancha unapiga #8139, JAF, chama chao cha wenye magari, wanakufuata ulipo. Hapa mi nipige namba gani? Nimpigie shemeji?

Afu hiyo dawa yenyewe ina masharti kuliko mganga. Inaziba tundu la msumari au skrubu la milimita 4 hivi, nyingine wanasema 6, na liwe pale kwenye kashata panapokanyaga lami. Msumari wenyewe usiuchomoe. Ukishajaza dawa na upepo unaendesha kama kilometa 5 ili isambae, usizidi 80 kwa saa, unasimama unapima tena, na ukikuta upepo uko chini ya 130 kPa yani kama psi 19, kitabu kinakwambia usiendelee, wasiliana na wakala. Umeona hapo? Mwisho wa maelekezo yote ni piga simu. Na ikipasuka ubavuni, hata wao wameandika haifanyi kazi. Sasa nyie mnaosafiri niambieni, tairi za bongo zinafia wapi? Misumari ipo ndio, hasa ukikaa karibu na site, lakini huko barabarani tairi linakatwa ubavu na kingo za lami, linapigwa na shimo mpaka rimu inapinda, linakutana na chuma kilichodondoka kwenye semi. Hivyo vyote kopo halihusiki.

Mimi yamenikuta ndani ya hifadhi ya Mikumi, tunaenda Iringa kwenye shughuli ya familia, nyuma yupo mama mkwe na wife, mbele mimi na begi la vitenge. Tumeshapita Doma, tumeingia hifadhini, naenda mwendo wa heshima kama vibao vinavyotaka, kuna basi likatoka nyuma ya lori linaloshuka kwetu likaja kichwa kwa kichwa, nikabana kushoto, tairi la nyuma likadondoka pembeni ya lami na pale lami imeliwa imebaki na meno. Nikasikia paa, afu ile sauti ya rimu.

Wale wanaopita pale wanajua, sio sehemu ya kushuka kujinyoosha. Kuna ubao umeandikwa bei ya kumgonga kila mnyama lakini hakuna ubao wa kukwambia ufanye nini ukibaki bila tairi. Nyani walikuwa wamekaa pembeni wanasubiri kama tutarusha mkate. Nikashuka, ubavu wa tairi umechanika kidole kinaingia. Nikajisemea ngoja nijaribu maana ndo kitu pekee nilichopewa. Nikafunga kopo kwenye kompresa, nikawasha gari, kikaanza kunguruma, dakika kadhaa ile dawa nyeupe ikaanza kutoka kwenye mpasuko, inachuruzika kwenye rimu mpaka chini kwenye lami, na mabonge mabonge ndani maana nusu ilishaganda. Mama mkwe akafungua kioo kidogo, "Mwanangu, hayo maziwa mbona yanamwagika?" Nikamwambia mama funga kioo, nyani hao.

Wa kwanza kusimama ni dereva wa lori, Mungu ambariki, akashusha jeki yake. Jeki ya lori hata ukiishusha yote haiingii chini ya gari dogo lililokaa kwa rimu. Akaja jamaa na IST yake, spea anayo, jeki anayo, spana anayo, roho nzuri anayo, anatoa spea yake kabisa anasema kaka chukua tutakutana Mikumi mjini. Tunaangalia, yeye nati nne, mimi nati tano. Mikono ikaanguka. Jeki yake ndo iliyotuokoa, tukanyanyua gari, tukachomoa tairi, tukaegesha juu ya mawe, wife na mama mkwe wakapanda IST wakatangulia.

Askari wa hifadhi walikuja, wakatufokea kidogo kwa kushuka, halafu walivyoelewa wakasema gari wataliangalia, wewe wahi kabla giza halijaingia. Nikapanda kenta ya nyanya na tairi langu. Mikumi mjini fundi pancha kalitazama akasema hili ni la kufanyia kiti. Nikanunua lililotumika, saizi inakaribia tu, kwa bei ambayo alinisoma usoni akaitaja, na bado akaongeza hela ya kuosha rimu maana ile dawa ilishaganda kama gundi na mafundi wanaichukia, inachafua mashine, inachafua nguo, na ikibaki ndani tairi linacheza ukiwa spidi. Kurudi nikapanda basi, konda akanitoza nauli yangu na ya tairi. Tairi limelipa siti na limesafiri limelala kwenye korido.

Sasa nilivyorudi Dar nikampigia jamaa wa yadi. Jibu lake ni kwamba gari nililiona mwenyewe kabla sijalipa, na kwamba wateja wengine hawalalamiki. Hilo ndo limenifanya nifungue huu uzi. Kwenye tangazo waliandika rimu, sunroof, kamera ya nyuma, redio kubwa, mpaka harufu ya ndani wakaisifia, ila mstari mmoja wa "gari halina spea wala jeki" umewashinda. Na kuna yadi nyingine ni mbaya zaidi, gari lilitoka Japani na spea yake kabisa, linafika kwa mteja shimo liko wazi, ukiuliza unaambiwa model hii huwa haina. Shimo la duara lenye skrubu ya kufungia tairi katikati, we unaniambia model haina? Hiyo skrubu ilikuwa ya kufungia nini, chungu?

NAONGEZEA baada ya kusoma komenti.

Mnaosema "mbona mimi natumia dawa mwaka wa tatu sina shida", mnaendesha Mbezi mpaka Posta. Msumari ukikuingia Ubungo fundi pancha yuko mita mia mbele, anachomeka utambi unaondoka, hata dawa huihitaji. Sijasema ibebwe jalalani, kwa mama aliyebaki na pancha usiku mjini na hataki kushuka kufungua nati ni kitu kizuri, abebe, ila aangalie tarehe. Nachokataa ni kuambiwa hiyo ndo spea.

Aliyeandika nihamie tairi zenye tyubu sina la kumjibu.

Kuhusu spea nyembamba, zile wanazoziita tairi la baiskeli, mimi naziona sawa, bora hizo mara mia. Mwisho 80 kwa saa, imeandikwa pale pale ubavuni, ni ya kukufikisha kwa fundi sio ya kumalizia safari ya Mbeya. Ila mafundi wetu wanazijaza psi 30 kwa mazoea, wakati zile zinataka 420 kPa, yani psi 60 hivi. Kapime ya kwako leo, nina hakika imelala.

Na kwa mliouliza unatafutaje spea kwa gari ambalo halikuja nayo, sio kwenda Ilala kuokota rimu yoyote. Kwanza hesabu nati na umbali wake, kuna 4x100 (yani nati nne kwenye duara la milimita 100), kuna 5x100, kuna 5x114.3, hizo mbili za mwisho ukiangalia kwa macho zinafanana ila haziingiliani. Pili tundu la katikati la rimu lisiwe dogo kuliko kitovu cha gari kinachoingia humo. Tatu kimo cha tairi zima kikaribiane na ya kwako, kwa mfano 205/55R16 na 195/65R15 tofauti yake ni milimita mbili tatu tu, kwa hiyo rimu ya 15 inaweza kukusaidia, lakini uijaribishe mbele kwanza uone kama inagusa kalipa ya breki. Na pima shimo la buti kabla hujatoa hela, mengine ni mafupi, ukiweka tairi zima kapeti linabaki limenyanyuka na mengine hayana shimo kabisa, tairi linalala na mizigo yako. Jeki na spana nunua siku hiyo hiyo, usiseme kesho.

Yote hayo nimeyajua kwa hela yangu na nauli ya tairi, wakati yule jamaa angeweza kuniambia kwa dakika moja pale yadi nikaamua mwenyewe, au akapunguza bei nikanunue. Kwa hiyo ombi langu kwa wauzaji mliomo humu, na najua mpo maana mnatangaza kila siku, andikeni kwenye tangazo: spea ipo au haipo, jeki ipo au haipo, dawa inaisha mwaka gani. Asiyeandika, wanunuzi muulizeni hadharani hapo hapo chini ya tangazo lake, msimfuate pm.

Mimi natafuta spea nyembamba ya 5x114.3, inchi 16 au 17, niko Tabata. Mwenye nayo aweke picha ya ubavu nione saizi na mwaka, na kama ni ile iliyotolewa kwenye gari la mteja wako naomba usinitafute.