Liwa na mafuta ya sandali: yamekufaa au yamekutokea puani? Tupeane uzoefu

MamaWawili: Mwanangu ana harara mgongo mzima, jirani kaniletea kichupa cha mafuta ya sandali. Nikamkumbuka bibi Unguja anavyosugua kijiti cha liwa, yaani huohuo msandali, kwenye jiwe kwa marashi, anatupaka huku tunajikuna. Kulikuwa kunatulia kweli. Wenzangu?

KasaWaLamu: Tetekuwanga, sikupakwa kingine. Ikikauka inavuta ngozi, huwezi hata kucheka.

BintiTanga: Usinikumbushe. Siku ya singo, ya kusingwa kabla ya harusi, somo yangu (kungwi) aliona kusaga liwa kunachelewesha, akanipaka mafuta ya dukani usoni, matupu, bila tone la nazi. Namwambia yanachoma, ananijibu "vumilia mwari, ndo urembo huo." Kufika isha jicho la kushoto limefumba, shavu lina malengelenge. Mama analia, shangazi anamgombeza somo, somo anaapa nimepigwa jicho. Picha zote za harusi nimekaa upandeupande kama wa kwenye noti.

Chapuo: Bwana harusi alisemaje?

BintiTanga: Aliuliza kama amebadilishiwa.

Chapuo: 😂😂 tupia picha

MkemiaMstaafu: Mafuta hayo ni makali, hayapakwi matupu. Yana kiini kinaitwa santaloli, maabara zimeonyesha inapunguza uvimbe, ila majaribio kwa watu bado machache. Matone 2 kwenye kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi, jaribu ndani ya kiwiko, ngoja mpaka kesho. Mtoto muacheni.

ZeMwarabu: Nazi inazidisha joto. Changanya na maji ya waridi.

MkemiaMstaafu: Mafuta na maji vikakubaliana lini?

ZeMwarabu: Bibi yangu hakusoma kemia na ngozi yake ilikuwa kioo.

MkemiaMstaafu: Bibi yako alisaga mti, hakununua kichupa.

Morani: Nyie pakaneni tu. Huku Samburu msandali unang'olewa na mizizi yake, maana ndiko mafuta yaliko. Kenya ilipiga marufuku 2007, CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, wakauorodhesha 2013, na malori bado yanakamatwa.

KasaWaLamu: Huo wenu ni Osyris. Wa Mysore, India, ni Santalum album, mti mwingine.

Morani: Mwambie mwenye panga.

MamaWawili: Jamani, harara ya mtoto??

BintiTanga: Muogeshe maji ya baridi, mvue hayo masweta. Kichupa mrudishie jirani.

Chapuo: Usirudishe! Mzee mmoja Mombasa alituambia yananywewa kwa kisonono.

MkemiaMstaafu: Kabla ya penisilini hata madaktari wa Ulaya waliyatoa kwa hilo. Leo nenda hospitali, usinywe.

Chapuo: Nimesema mzee mmoja, sikusema mimi.